Kagueni Barabara Kabla ya Kusifu Miti

Na Karani wa Kilimo, Kariokor, Nairobi



Mwezi wa Desemba 2024 mgodi wa Base Titanium huko Kwale ulimaliza kuchimba mchanga wa madini, baada ya kufanya kazi tangu mwisho wa 2013. Kabla ya mgodi, ardhi ile ilikuwa mashamba ya watu kama ninyi. Wenyeji wa Nguluku na Maumba walihamishwa ili mitambo ipate nafasi, na wengine wao wakapelekwa Bwiti kuanza upya. Tangu mitambo iliposimama watu wengi wameuliza ardhi ile iwe ya nani na ipandwe nini. Maswali hayo ni ya haki. Lakini liko swali jingine ambalo naona halisemwi kwa sauti ya kutosha, nalo ni hili: barabara za mgodi, bwawa, visima, nguzo za umeme na majengo yanayobaki, ni vya nani siku ya kwanza baada ya kampuni kufunga lango?

Nataka kusema shauri langu tangu mwanzo, ili msomaji asichoke kulitafuta. Kila kitu kinachoachwa katika ardhi ya mgodi uliofungwa sharti kiwe na mwenyewe aliyeandikwa, na fedha za kukitunza zijulikane zinatoka wapi. Kama kitu hakina mwenyewe na hakina fedha, king'olewe kabla ya watu kupewa ardhi, hata kama kitu hicho ni barabara nzuri inayopendeza macho.

Labda mtu atasema, karani huyu anakaa mjini, anajua nini habari za migodi? Ni kweli, mimi nakaa Kariokor, na asubuhi nakanyaga lami kwenda kazini. Lakini sisi wa mitaa ya Mashariki ya Nairobi tunalo somo letu karibu. Kule Dandora palikuwa na chimbo la mawe. Mawe yalipokwisha shimo likabaki, na tangu miaka ya 1970 taka za jiji zikaanza kumwagwa humo. Mwaka 2001 ilisemwa kwamba jalala limejaa, lakini malori hayakuacha kwenda. Mto Nairobi, upitao karibu nasi hapa Kariokor, unapita pia kando ya jalala lile. Shimo ambalo halikupewa kazi njema lilijipatia kazi mbaya lenyewe. Hivyo ndivyo ilivyo desturi ya vitu vilivyoachwa: kisichopewa mwenyewe mwema hupata mwenyewe asiyefaa.

Wala msifikiri kwamba habari hii ni ya watu wa Kwale tu. Karibu kila skimu ya makazi ina shimo lilipochimbwa changarawe ya kutengenezea barabara, au chimbo la mawe ya kujengea. Mvua ikinyesha mashimo yale hujaa maji, na watoto wamekufa maji katika mashimo kama hayo sehemu nyingi za nchi yetu. Chimbo dogo na mgodi mkubwa hutofautiana kwa ukubwa tu. Maswali ya kuuliza ni yale yale.

Kwa nini nasema barabara kwanza

Wageni wakipelekwa kuona mgodi uliotengenezwa upya, huonyeshwa miti. Miti ni kitu kizuri kuonyesha, kwa kuwa ni mibichi na hupigwa picha vizuri. Wageni husifu, hunywa chai, hurudi nyumbani. Barabara waliyopita haikuulizwa kitu, na karibu haiwezekani mgeni ashuke garini ainame kuchungulia kalavati.

Lakini fikirini jinsi mgodi unavyofanya kazi. Katika mgodi wa mchanga kama ule wa Kwale, mchanga huoshwa kwa maji mengi ili madini yatoke, na mchanga uliooshwa hurudishwa shimoni. Mchanga huo umepoteza udongo wake mfinyanzi, na bila udongo mfinyanzi haushiki maji wala mbolea. Ndiyo sababu kazi kubwa ya kutengeneza ardhi ni kurudisha tope na udongo wa juu, kisha kupanda majani na miti ili mizizi iushike udongo. Ni kazi ya miaka. Ardhi kama hiyo ni kama mgonjwa aliyeanza kupata nafuu: anakaa, anakunywa uji, lakini usimpe mzigo kichwani.

Sasa iweke barabara ya mgodi juu ya ardhi hiyo. Barabara ya mgodi hutengenezwa kwa magari mazito, kwa hiyo ni pana, na imeshindiliwa mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Mvua ikinyesha juu yake maji hayaingii chini, yote hukimbia. Tufanye hesabu kidogo, maana nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini na bado napenda ubao. Tuseme barabara ina upana wa mita 20. Kilomita moja ya barabara hiyo ni eneo la mita za mraba 20,000. Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa siku moja, jambo ambalo si la ajabu pwani wakati wa masika, kilomita moja inapokea mita za ujazo 1,000 za maji, yaani lita 1,000,000. Ukigawa kwa debe la lita 20 utapata madebe 50,000. Hayo ni ya siku moja na kilomita moja tu.

Siku ambazo mgodi unafanya kazi, maji hayo hayadhuru sana, kwa kuwa kampuni ina greda, ina mafundi, na ina mtu anayelipwa kuzibua mifereji kila mvua inapokatika. Siku kampuni inapoondoka, greda nalo huondoka. Mfereji wa kwanza unaziba kwa majani na mchanga. Maji yanaruka ukingo na kutafuta njia mpya, na njia rahisi ni ile ardhi laini iliyotengenezwa juzi. Msimu wa kwanza unaona mfereji mdogo mtoto anauruka. Msimu wa tatu ng'ombe akitumbukia hatoki. Ile miti iliyosifiwa na wageni sasa inaning'inia mizizi nje.

Kwa hiyo barabara isiyotunzwa haiharibiki peke yake, huharibu na shamba lililo chini yake. Wasomaji wanaolima mabondeni wanalijua jambo hili bila kufundishwa na karani.

Mlioona josho mnajua

Wako kati yenu ambao wazee wao walipata mashamba katika zile skimu zilizoanza 1962, za kugawa ekari milioni moja za mashamba ya walowezi. Katika skimu zile walikuta vitu vingi vimekwisha jengwa: majosho ya ng'ombe, mabwawa, mabomba, maghala na barabara za shamba. Wazee walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Nawauliza ninyi wa Nyandarua na kwingineko: josho la eneo lenu li wapi? Mahali pengi zege bado liko pale pale na kuta zimesimama, lakini dawa hakuna, na ndani ya shimo kuna majani na vyura. Josho lilitunzwa vizuri wakati Serikali ilipotoa dawa na mtumishi. Mzigo ulipoachiwa kamati za wakulima, kamati nyingi zilishindwa kukusanya fedha, na fundi wa pampu hakai mahali pasipo na mshahara. Si kwamba wakulima walikuwa wavivu. Walipewa kitu bila kupewa njia ya kukilisha. Josho hula fedha kama ng'ombe anavyokula majani, na bwawa na barabara ni hivyo hivyo.

Ardhi ya mgodi itawaletea jambo hilo hilo, tena kwa ukubwa zaidi. Kule Kwale peke yake kulijengwa bwawa katika Mto Mukurumudzi ili kupata maji ya kuoshea mchanga, ikatengenezwa barabara ya kutoka barabara kuu ya Likoni na Lunga Lunga mpaka mgodini, na umeme wa nguvu ukaletwa. Hivi si vitu vya kutunzwa kwa mchango wa shilingi mia.

Tena angalieni jambo moja ambalo ni la ajabu kidogo. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha wa madini ugawanywe hivi: asilimia 70 kwa Serikali ya taifa, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 10 kwa jamii ya mahali pa mgodi. Mgao huo ni mzuri. Lakini mrabaha hutoka kwa madini yanayouzwa. Madini yakiisha, mrabaha nao unakauka. Maana yake ni kwamba fedha zinakwisha wakati ule ule barabara na bwawa vinapoanza kuwa mzigo wenu. Jambo hilo linatakiwa kupangwa mgodi ungali unachimba, wala si siku ya kuaga.

Mahali pengine palikuwaje

Tuone kwanza palipofanikiwa. Huko Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kiwanda cha saruji kilianza kazi 1954 na kuchimba mawe ya chokaa mpaka pakawa jangwa jeupe. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda miti juu ya mwamba ule. Alijaribu aina 26, na ni chache tu zilizostahimili, na mvinje ndio uliokuwa hodari kuliko yote. Majani ya mvinje yaliyoanguka hayakuoza, basi wakaletwa majongoo, wakayala na kuyafanya udongo. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa njia ya kutembelea, na leo mahali pale hujulikana kwa jina lake, Haller Park.

Watu wakisimulia habari hii husifu mvinje na jongoo. Mimi nasifu jambo jingine. Kiwanda hakikuondoka. Palikuwa na mtu aliyeamka kila asubuhi akijua kwamba mahali pale ni kazi yake, na palikuwa na kiwanda kilicholipa mshahara wake. Njia zilifagiliwa na mabwawa yalizibuliwa kwa sababu yalikuwa na mwenyewe. Ondoa mwenyewe, mvinje ungebaki peke yake.

Sasa tutazame upande wa pili. Huko Kilembe, magharibi ya Uganda chini ya milima ya Ruwenzori, shaba ilichimbwa tangu 1956 mpaka 1982. Reli ilifikishwa Kasese kwa ajili yake. Uchimbaji uliposimama, marundo ya mabaki ya mgodi yaliachwa bondeni karibu na Mto Nyamwamba, na nyumba, madaraja na hospitali vikabaki huko huko. Mwezi wa Mei 2013 mto ulifurika vibaya. Mei 2020 ukafurika tena, ukabomoa hospitali ya Kilembe na kuvunja barabara na madaraja, na mabaki ya mgodi yakachukuliwa na maji. Mafuriko huletwa na mvua, sikatai. Lakini marundo yaliwekwa na watu kando ya mto, na mto haukuulizwa.

Na hapa kwetu, mgodi wa Macalder, katika nchi ambayo sasa ni Kaunti ya Migori, ulifungwa 1966. Marundo ya mabaki yalibaki, na watu wakarudi kuyaosha wakitafuta dhahabu kwa zebaki, ambayo ni sumu kwa mwili na kwa maji. Kakamega nako mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952, na watu wameendelea kuchimbua sehemu za machimbo ya zamani. Kwa hiyo kuufunga mgodi kwa kufuli tu hakutoshi. Mgodi unafungwa sawasawa wakati kila shimo, kila rundo na kila njia vimepewa mtu wa kuuliza habari zake.

Jinsi ya kukagua

Mkiitwa kwenda kuona ardhi ya namna hii, msiende kama wageni wa arusi. Nendeni kama mtu anayekwenda kununua ng'ombe: hufungua kinywa akaangalia meno, hushika kiwele, humtembeza huku na huku. Chukueni daftari, kalamu, kamba ya kupimia na fito ya chuma ndefu kama mkono. Siku hizi simu nyingi zina kamera, hiyo nayo ni kazi yake. Wachukueni akina mama wanaoteka maji na vijana wanaochunga, kwa maana hao ndio wanaojua maji hupita wapi baada ya mvua.

Kwanza, nendeni wakati wa mvua. Siku ya jua barabara zote ni nzuri. Kama mnaalikwa wakati wa kiangazi tu, ombeni kwa heshima mrudi tena masika, na msitie sahihi kabla ya kurudi.

Pili, tembeeni kwa miguu, mkianzia juu na kushuka. Maji huanzia juu, na ubovu wa chini sababu yake mara nyingi iko juu. Mtu akaguaye barabara akiwa ndani ya gari amekagua gari.

Tatu, simameni katika kila kalavati. Tazameni mahali maji yanapoingia: pameziba? Kisha shukeni upande wa pili mahali yanapotokea, na hapo ndipo penye siri. Kama maji yanaangukia mawe yaliyopangwa au majani yaliyoshika, vema. Kama yameanza kuchimba shimo chini ya bomba, andikeni nambari ya kalavati hiyo, pimeni kina cha shimo kwa kamba, mpige picha. Mkirudi baada ya miezi mitatu pimeni tena. Kipimo kimoja ni habari, vipimo viwili ni ushahidi.

Nne, kwenye barabara zinazosemwa zimefungwa na kurudishwa kuwa shamba, chomeni ile fito ya chuma. Ikikataa kuingia, basi ardhi bado imeshindiliwa chini, na majani mnayoyaona yamefunika sakafu. Mahindi hayatatia mizizi hapo. Barabara iliyofungwa sharti ichimbuliwe kwa jembe refu la trekta, halafu itiwe udongo wa juu na makinga maji.

Tano, kwenye bwawa, msitazame maji mengi mkashangilia. Tazameni ukuta. Je, kuna miti inayoota juu ya ukuta? Mizizi yake hufanya njia za maji. Je, chini ya ukuta upande wa nje kuna mahali pabichi wakati wa kiangazi? Hiyo ni dalili ya kuvuja. Je, njia ya kupitishia maji ya ziada iko wazi? Ulizeni pia ni nani mwenye kibali cha maji hayo, maana bwawa bila kibali cha mamlaka ya maji si la kumwagilia shamba. Kama majibu hayatoshi, aletwe mhandisi. Bwawa si mahali pa kubahatisha, kwa sababu watu wanalala chini yake.

Sita, kwenye visima na umeme, ulizeni gharama. Pampu inakula umeme kiasi gani kwa mwezi? Bili italetwa kwa jina la nani? Maji yapelekwe kupimwa na watu wenye maabara, wala si kuonjwa kwa ulimi.

Saba, mashimo na marundo ya mabaki. Kingo zake zimelazwa au zimesimama wima kama ukuta? Kuna ua? Mtoto wa miaka sita anaweza kufika huko peke yake? Swali hilo la mwisho ndilo kubwa, na nyote mnaweza kulijibu bila mhandisi.

Nane, majengo. Jengo likiwa zima na karibu na watu laweza kuwa ghala, zahanati au darasa. Jengo lililo peke yake porini litaibiwa mabati mwaka wa kwanza na milango mwaka wa pili. Huko Nzega, Tanzania, mgodi wa dhahabu wa Golden Pride ulipofungwa, mahali pake palikabidhiwa kwa kazi ya kufundishia vijana mambo ya madini. Huo ni mfano wa kuigwa, kwa sababu aliyepokea alijulikana na kazi ilijulikana.

Daftari yenye safu tatu

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ni karani, na ningesema hivyo hata kama wazee wasingesema. Basi chorerni safu tatu katika daftari la kamati yenu. Safu ya kwanza andikeni kitu: barabara ya kutoka lango mpaka bwawani, kalavati nambari 7, kisima cha mashariki. Safu ya pili andikeni mwenyewe: kaunti, idara ya barabara, chama cha ushirika, au mkulima fulani. Safu ya tatu andikeni fedha zitakapotoka. Halafu msome majina hayo mbele ya mkutano, na kila mwenyewe aseme kwa kinywa chake kwamba amekubali, kisha atie sahihi.

Jihadharini na neno moja katika safu ya pili, nalo ni neno "jamii." Ni neno zuri kwenye hotuba, lakini katika daftari halifai. Jamii haina simu ya kupigiwa kalavati likiziba saa nane za usiku. Hata katika mitaa yetu ya mjini, mfereji unaopita kati ya mitaa miwili ndio unaoziba kuliko yote, kwa kuwa huyu anasema ni wa wale, na wale wanasema ni wa huyu. Andikeni kamati yenye watu wanaojulikana, na mweka hazina anayekaguliwa.

Jueni pia kwamba barabara iliyojengwa na kampuni kwa kazi yake haiwi barabara ya umma kwa sababu tu watu wamezoea kuipita. Lazima ipokelewe na kuandikwa na wale wanaosimamia barabara za nchi au za kaunti. Pasipo hivyo hakuna ofisi itakayoitengea fedha, na mkienda kulalamika mtaambiwa kwa upole kwamba barabara hiyo haimo katika orodha. Mimi nimekaa upande ule wa meza kwa miaka, na nawaambia kweli, jambo lisilo katika orodha halina mtu wa kulishughulikia.

Sheria ipo ya kuwasaidia. Sheria ya Madini ya 2016 inataka kampuni iwe na mpango wa kufunga mgodi na kutengeneza ardhi, na itoe dhamana ya fedha kwa ajili ya mazingira. Wakulima wana haki ya kuuliza mpango huo unasema nini juu ya kila barabara na kila bwawa. Msione haya kuuliza kwa sababu hati imeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Mwombeni Bwana Shamba, mwalimu wa shule, au kijana wenu aliyesoma awasomee ukurasa kwa ukurasa.

Wanaonipinga

Najua wako watakaosema, acheni vitu vyote vibaki, ni mali ya bure. Nawajibu kwa hesabu. Tuseme skimu ina mashamba 200 na barabara ya mgodi ya kilomita 6. Ukigawa sawasawa, kila shamba lina mita 30 za barabara. Mita 30 za mfereji mtu na mkewe wanaweza kuzizibua kwa jembe na beleshi asubuhi moja. Hapo ninakubali: kama wote 200 wameandikwa, na kila mmoja anajua mita zake zinaanzia wapi na kuishia wapi, barabara itaishi. Lakini tuseme barabara ni kilomita 30. Kila shamba sasa lina mita 150, pamoja na makalavati yasiyotengenezeka kwa jembe. Hapo ni bora kubaki na kilomita 6 zinazotunzwa, na zile 24 zichimbuliwe ziwe malisho. Barabara fupi inayopitika masika inampeleka mama mjamzito hospitali, na ile ndefu iliyokatika katikati haimpeleki popote.

Wako pia watakaosema Serikali itatengeneza. Serikali ni yenu na ina wajibu wake, na mimi ni mtumishi wake. Lakini Serikali hufanya kazi kwa maandishi. Mkiipa orodha yenye vipimo, picha na sahihi, ofisa ana kitu cha kupeleka mbele. Mkiipa manung'uniko, ofisa ana manung'uniko tu.

Na wako watakaosema kwamba kuuliza sana kutachelewesha ugawaji wa ardhi. Neno hili ni zito, kwa sababu aliyehamishwa katika shamba lake amengoja vya kutosha, na sitaki kumwongezea siku hata moja bila sababu. Lakini ukaguzi wa namna niliyoeleza ni kazi ya msimu mmoja wa mvua, na unaweza kufanywa huku mambo mengine yakiendelea. Korongo likiisha kukata shamba, msimu mmoja hautoshi kulirudisha, wala misimu kumi.

Basi, ndugu wakulima, siku mtakapoalikwa kuona ardhi iliyotengenezwa, isifuni miti kwa adabu, maana watu walifanya kazi kuipanda. Kisha waambieni wenyeji wenu kwamba mnaomba kuona makalavati. Kama skimu yenu haina mgodi, anzeni na lile shimo la changarawe lililo karibu na shule. Pimeni kina chake wiki hii, angalieni kama lina ua, na ulizeni katika mkutano ujao jina la mwenyewe. Asipopatikana mtu wa kujibu, andikeni hivyo hivyo katika daftari, mpeleke nakala kwa Bwana Shamba na kwa chifu, na mbaki na nakala yenu.